Mmeuliza, tumejibu: Chapa ya herufi za risasi na mafundi wa Nasser Road

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza juu ya uchapaji wa zamani, ule wa herufi za risasi, ile metali nzito, kupakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi. Wabunifu vijana wameurudia kwa kishindo, na ninafurahi. Hata hivyo, baadhi ya maswali yananiuma.

Rafiki yangu alipata kadi za harusi kutoka Nairobi, maandishi yamezama hadi unayasikia kwa kidole. Mbona Kampala hatuna mashine hizo? (Msomaji, Ntinda)

Nani kakuambia hatuna? Shuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, siku ya kazi, ingia vichochoro vya nyuma, usikilize. Utakuta Heidelberg, mashine nyeusi ya chapa yenye mikono miwili inayozunguka kama pangaboi, mmoja ukichukua karatasi na mwingine ukiiachia. Wajerumani waliacha kuzitengeneza mwaka 1985, lakini hapa bado zinalisha familia. Zinapiga namba kwenye vitabu vya risiti, zinatoboa mistari ya kuchania, zinakata maboksi ya dawa na keki. Karatasi yake kubwa kabisa ni sentimita 26 kwa 38, ukubwa unaotosha kadi yoyote ya harusi.

Chuma kipo, na fundi yupo. Ambaye hajafika ni mteja mwenye pleti nzuri (bamba lenye muundo unaochapwa), karatasi nene na subira. Kabla ya kadi ya kwanza, fundi hupanga mgandamizo kwa kubandika vipande vyembamba vya karatasi nyuma ya ile inayochapwa, mpaka kila herufi iguse sawasawa. Kazi hiyo inaweza kula asubuhi nzima, na ni ileile ukichapa kadi 100 au 1,000. Ilipe. Ukienda kubembeleza bei ya fotokopi kwa mzee aliyesimama kwenye mashine hiyo tangu ujana wake, unamfundisha mwanawe kwamba ufundi wa baba hauna maana.

Nimetuma muundo wangu ukakataliwa, eti rangi zinafifia taratibu na mistari ni myembamba mno. Tatizo nini? (Mbunifu, Mbarara)

Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile. Kila rangi ina pleti yake na inapita mashineni peke yake. Rangi inayofifia kutoka nyekundu hadi njano hapa haipo. Mstari ulio chini ya robo pointi (kipimo kidogo cha wachapaji) hautashika kwenye pleti. Tuma PDF ya rangi moja iliyojaa, maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa michoro. Na soma maneno yako kabla ya pleti kutengenezwa, hasa ukiandika Kiswahili. Kadi nzuri yenye "mnakaribishua" ni hasara ya pleti nzima.

Je, wino mweupe utaonekana kwenye kadi nyeusi? (Msomaji, Mbale)

Hapana, wino huu ni mwepesi na weusi utajitokeza. Omba foili, ule utando mwembamba unaobandikwa kwa joto.

Marehemu baba aliacha droo za herufi za risasi. Mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Kisenyi anataka kuzipima kwa kilo. Niuze? (Msomaji, Jinja)

Usiuze. Nakusihi, usiuze kabla hujafungua kila droo.

Mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 alikuja na mashine ndogo ya mkono, akachonga na herufi za mbao mwenyewe ili watu wapate kitu cha kusomea. Kutoka hapo tukapata viwanda vya chapa vya misheni, na gazeti la Munno la Wakatoliki mwaka 1911, yote kwa herufi zilizopangwa moja moja kwa vidole.

Sasa tazama droo zako. Seti za herufi kutoka Uingereza zilihesabiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo *e* ni tele. Kiswahili kinakula *a*, *k* na *w* haraka sana, na Luganda inataka *ŋ*, ambayo Mwingereza hana. Ukikuta *a* zimeongezwa na *ŋ* zimo, umeshika seti iliyokusanywa kwa ajili ya lugha zetu. Viwanda vinavyomimina herufi mpya duniani vimebaki vya kuhesabika. Herufi zako zikiyeyushwa Kisenyi, zimekwenda.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza. Ukiona unga mweupe juu ya herufi, usiupulize. Ni risasi iliyooza, nayo ni sumu. Pangusa kwa kitambaa kibichi, vaa barakoa, nawa kabla ya kula, na watoto wasichezee droo hizo kabisa.

Kadi ikizama zaidi ndiyo bora zaidi? (Msomaji, Entebbe)

Wazee walifundishwa kinyume. Herufi iguse karatasi tu, na alama ikitokea upande wa nyuma, kazi inarudiwa. Mtindo wa kuzamisha ulienea Marekani miaka ya 1990 kupitia majarida ya harusi. Mimi naupenda kiasi, kwenye karatasi ya pamba ya gramu 300 kwenda juu na kwa pleti ya plastiki ambayo ikichakaa hutengenezwa nyingine. Kumlazimisha fundi azamishe herufi za risasi ni kuzivunja, na hakuna atakayekurudishia.

Naweza kupata cheti chenye muhuri unaoonekana wa zamani? (Hakutaja mji)

Huko ni kughushi. Usiniandikie tena.

Lubugo, ile nguo ya gome la mti, unachapika? (Msomaji, Masaka)

Unachapika, kwa herufi kubwa na nene. Unene wa gome la mutuba haulingani, hivyo maandishi madogo yatakatikakatika. Mimi ningechapa kwenye karatasi na kuutumia lubugo kama jalada.

Nataka kujifunza kazi hii. Nianzie wapi? (Msomaji, Arua)

Mtafute fundi wa kupiga namba, mwombe usimame pembeni yake, na umlipe kwa muda wake. Kwanza utapangusa wino na kuhesabu karatasi, kubali. Nenda na shati la mikono mifupi, bila skafu wala bangili, kwa sababu ile mikono ya chuma haisubiri mtu atoe kidole.