Vidokezo vinavyochomoza kwenye menyu: uviache au uvizime?

Ukifundisha watu kompyuta kwa muda, utaona wanavyokishika kipanya kwa namna mbili. Kuna anayekiegesha juu ya kila alama na kusubiri kijisanduku kitokee kimwambie hiki ni nini. Kuna na anayekikimbiza huku na huko akikwepa kijisanduku hichohicho kisimzibe. Wa kwanza ni mgeni, wa pili ni mzoefu, na mara nyingi ni mtu yuleyule, ila miezi imepita. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama avizime vidokezo hivi, namuuliza kwanza ni programu gani, na anaifanyia kazi gani.

Msimamo wangu ni huu: kidokezo kina haki ya kuchomoza kikiwa na jambo ambalo skrini haijalisema, na kikisubiri kuitwa. Kikikosa kimojawapo, ni kero.

Chukua ile brashi ya Word iliyo kwenye kichupo cha Home, jirani na Paste. Inaitwa Format Painter. Kwa mchoro peke yake, wanafunzi wangu wengi hudhani ni ya kupaka rangi. Ukituliza kipanya juu yake, maelezo yanakwambia kwamba inachukua mwonekano wa maandishi fulani na kuupeleka kwenye mengine, na yanakupa hatua zake. Mstari wa mwisho ndio wenye thamani: ukitaka kuupeleka mwonekano huo sehemu nyingi, bofya brashi mara mbili. Nimekutana na makatibu muhtasi wenye uzoefu mkubwa ambao kwa kila kichwa cha habari hupanda juu, hubofya brashi, hushuka, hupaka, kisha hupanda tena, ripoti ya kurasa 40. Jibu liko palepale walipobofya, ila mkono una haraka kuliko jicho.

Sasa linganisha na mifumo mingi ya ofisini, ambayo menyu imeandikwa wazi "Hifadhi" na ukiipitia kinachomoza kijisanduku kinachosema "Hifadhi". Hapo hakuna aliyesaidiwa. Kama neno limeshaandikwa, kitu pekee ninachokubali kiongezwe ni njia ya mkato ya kibodi, maana Ctrl+S hujifunzwa hivyohivyo, kwa kuiona kila siku bila kuitafuta.

Excel ndiyo inayogombanisha watu zaidi. Andika =VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu ndani ya jedwali, na ufungue mabano, utaona chini ya seli mstari unaoorodhesha vitu ambavyo fomula inavihitaji. Ukiangalia vizuri, kile unachotakiwa kujaza kwa sasa kimekolezwa wino, na kilicho ndani ya mabano ya mraba unaweza kukiacha. Ni mwalimu mzuri sana huyo. Tatizo ni kwamba anakaa juu ya seli za jirani, na mara nyingi ndizo unazotaka kuzibofya. Mama mmoja mhasibu aliniambia, "Mwalimu, niondolee hiki, kinanikalia juu ya hesabu zangu." Nikamwonyesha kwamba kinaburutika: shika ukingo wake kwa kipanya, kisogeze pembeni, endelea na kazi. Hakuniomba tena nikizime. Ukiamua kukizima kabisa, nenda File, Options, Advanced, kisha kwenye sehemu ya Display ondoa tiki ya Show function ScreenTips. Ila kwa anayeanza fomula, nasema usiguse.

Kwenye Word mambo ni rahisi zaidi kwa sababu huhitaji kuchagua kati ya vyote na hakuna. Fungua File, Options, General, utafute ScreenTip style. Kuna chaguo tatu: maelezo kamili, jina la kitufe tu, au kunyamaza kabisa. Mimi hutumia la katikati. Kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure zinazofanana na Word na Excel, vidokezo virefu huwashwa na kuzimwa kwenye Tools, Options, General. Pia kuna njia ninayoipenda kuliko zote: menyu ya Help ina What's This?, unaibofya, kipanya kinageuka alama ya kuuliza, unakigusisha kitu kimoja tu usichokijua, unapata maelezo yake, basi. Umeuliza, umejibiwa.

Watengenezaji wenyewe walishalijua hili zamani. Apple ilileta Balloon Help mwaka 1991. Ukiiwasha, karibu kila kilichopitiwa na kipanya kilitoa puto la maneno, na ukizima unazima yote. Microsoft nao walikuja na kile kibanio cha karatasi chenye macho kwenye Office 97, kikiona unaanza barua kinajitokeza kukuuliza kama unataka msaada. Office XP ya mwaka 2001 ilikuja nacho kikiwa kimezimwa, na Office 2007 ikakiondoa kabisa. Hakikushindwa kwa sababu msaada ni mbaya. Kilikuwa kinaingilia mazungumzo ambayo hakikualikwa.

Kuna jambo moja sijawahi kuona likizungumzwa huku kwetu, nalo ni muda. Kwenye Windows, kidokezo cha kawaida ambacho mtengenezaji hakukibadilisha husubiri nusu sekunde kabla ya kutokea, na kinakaa sekunde 5 kisha kinatoweka. Kwa Mwingereza anayesoma Kiingereza chake, sekunde 5 zinatosha. Kwa mzee anayesoma lugha hiyo neno kwa neno huku akitafuta miwani, hazitoshi hata robo. Mwambie aondoe kipanya na kukirudisha, kitatokea tena. Na mwanafunzi akisema "kinapotea kabla sijamaliza", usimwone mzembe. Saa imepangwa bila kumfikiria yeye. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.1, unaoeleza namna ya kutengeneza tovuti ambazo hata watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, uliotoka mwaka 2018, unataka maneno ya aina hii kwenye tovuti yasitoweke yenyewe wakati mtu anasoma, yaweze kufungwa bila kusogeza kipanya, kwa mfano kwa Esc, na kipanya kiweze kupita juu yake. Hilo la Esc linawaokoa hasa wanaokuza skrini kwa sababu ya macho, maana kwao kijisanduku kidogo kinaweza kufunika karibu kila kitu.

Vijana wanaotengeneza mifumo ya maduka na ofisi, neno langu kwenu ni fupi. Watumiaji wenu wengi wako kwenye simu, na kidole hakielei juu ya kitufe. Jambo la lazima likifichwa kwenye kidokezo, kwa hao halipo. Na ile ziara ya "karibu kwenye mfumo wetu" yenye visanduku vinavyofuatana siku ya kwanza, wekeni kitufe cha Ruka kinachoonekana, kisha muwape njia ya kuirudia baadaye wakikwama.

Zaidi ya yote, angalieni vitufe vilivyofifia. Kuna mfumo niliwahi kuutumia kujaza maombi, kila sanduku nimejaza, kitufe cha Wasilisha kimepauka, nikikigusa hakisemi neno. Hapo ndipo mtu anahitaji maelezo kuliko mahali pengine popote, na ndipo mara nyingi hayatokei, kwa sababu kitufe kilichozimwa kwa kawaida hakipokei ishara za kipanya. Msihangaike na kidokezo. Andikeni sababu chini ya kitufe, kwa herufi za kawaida: "Bado hujaambatanisha nakala ya kitambulisho."