Anti, mchumba wangu alishawahi kuwa mwizi na sasa bangili za mama hazionekani

Barua ya leo imetoka kwa binti ambaye jina kaomba nisilitaje. Kwa kifupi: mchumba wake alimwambia mapema tu kwamba ujanani alikuwa anaingia nyumba za watu usiku, akakamatwa, akafungwa, akatoka, na sasa anachomelea mageti na hajagusa cha mtu miaka mingi. Binti akaupenda ule ukweli. Wakaangalia pamoja ile muvi ya zamani ya Hitchcock, To Catch a Thief, akaanza kumtania "wewe ndo Paka wangu". Mwezi uliopita jamaa kaja kula kwao, siku chache baadae bangili za dhahabu za mama hazipo kabatini. Mashangazi washahukumu. Jamaa kaapa si yeye. Binti hapokei simu zake na anauliza: nimwamini, au turudishe posa?

Mdogo wangu, pole, na mpe mama pole zangu pia maana dhahabu ya mama huwa haina bei hata sonara akikupigia gramu.

Umeandika kwamba "nimekuwa kama Frances". Ni kweli, ila sidhani kama umeelewa umesema nini, hebu turudi kwenye hiyo muvi kidogo. Imetoka 1955, Cary Grant anacheza John Robie, mwizi mstaafu wa vito aliyekuwa anaitwa Paka kwa jinsi alivyokuwa anatembea juu ya mapaa, sasa katulia na villa yake milimani kusini mwa Ufaransa. Ghafla vito vinaanza kuibiwa kwenye mahoteli ya pwani kule Cannes kwa staili ileile yake ya zamani, polisi wanamfuata, hata wenzake wa zamani wanamnunia. Anaamua kumtafuta mwizi mwenyewe ili ajisafishe. Hapo ndo anakutana na Frances, yaani Grace Kelly, mtoto wa mama tajiri wa Kimarekani.

Sasa muangalie huyo Frances vizuri. Anagundua jamaa ni Paka na badala ya kuogopa anachangamka! Usiku ule wa fataki anamsogezea shingo yenye mkufu unaometameta, anamchokoza kabisa aushike, na jamaa kwa jicho la fundi anamwambia ule mkufu feki. Dada anadhani bado anaiba na hilo ndo linamfurahisha, anataka hata awe mshirika wake. Halafu usiku huohuo vito vya mama yake vinaondoka kweli na yuleyule aliyekuwa anachekea wizi ndo anamrukia jamaa na kumwita mwizi na kuita polisi.

Unajiona? Ulikuwa unamwita Paka, ukawasimulia na mashoga zako (umeandika mwenyewe), stori yake ilikuwa tamu mpaka kabati lilipokuwa la kwenu. Sikulaumu, ila kabla hujaniuliza kama yeye anaaminika jiulize ulikuwa unampenda fundi mageti au ulikuwa unapenda kuwa na mwanaume mwenye stori. Maana kama ni stori, hata bangili zikionekana kesho chini ya godoro, keshokutwa itapotea simu ya binamu na utaanza upya kumtazama mifuko.

Utaniambia mbona mama yake Frances alimwamini? Kweli, mama Stevens ndo nimpendae mule ndani kuliko wote, yule anayezima sigara kwenye yai la kukaanga mezani, nililiona nikasema huyu mama hana shida na dunia. Vimeibiwa vyake na bado anamtetea jamaa. Lakini mdogo wangu, vito vyake vilikuwa na bima ya Lloyd's ya London, ndo maana kuna yule mzee Hughson wa bima anahangaika muvi nzima mpaka anampa Robie orodha ya wenye vito. Wizi ule unachekesha kwa sababu anayelia ni watu wa bima. Mama yako hana Hughson. Kwa hiyo usimwambie hata siku moja "mama mbona unakuza mambo", na usitegemee ampokee jamaa kwa tabasamu wiki hii.

Na jingine, muvi imeshapangwa Robie awe msafi, wewe hujapangiwa na mtu. Inawezekana kachukua. Inawezekana hajachukua. Mimi nikiwa huku siwezi kujua na mashangazi zako nao hawajui, wao wanachojua ni kwamba alifungwa.

Cha kufanya sasa. Pokea simu ya watu, bana. Kutaneni mchana sehemu ya wazi, muulize mara moja, kwa maneno ya kawaida, bila mitego ya kuacha pete mezani uone kama ataishika, huo utoto. Usimpekue geto lake. Msikilize anavyojibu akishaacha kuapa, maana kuapa kila mtu anaapa. Halafu wewe na mama kaeni muandike nani anajua bangili zinakaa wapi na nani aliingia chumbani kati ya siku mama alipozivaa mwisho na siku alipozikosa. Jamaa kwa maelezo yako alikaa sebuleni, akala, akaondoka, na mlikuwa naye muda wote, sasa kabati la chumbani alilifikia saa ngapi? Nendeni polisi mkachukue RB (namba ya taarifa), piteni na kwa masonara wa karibu na picha ya mama akiwa amezivaa. Na dada wa kazi msimrukie kwa sababu tu ndiye mnyonge wa mwisho mliyebaki naye.

Kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeupita haraka sana, kwamba mdogo wako wa kiume siku hizi anabeti na kanunua simu mpya. Sisemi kitu. Kule Cannes walikuwa wanamtafuta mzee wa mapaa na kumbe aliyekuwa anaruka ni kabinti Danielle, mtoto wa mwenzake wa zamani Robie, ambaye hakuna aliyemuwazia. Muulize mdogo wako hela ya simu katoa wapi, muulize wewe, si shangazi, na mlango ufungwe.

Posa isirudishwe wala isisogezwe mbele mpaka hapo. Ukishaongea na wote wawili niandikie.