Kuongezewa majukumu siyo kuboreshewa kazi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mwajiri anayetaka wafanyakazi waridhike, bila kugusa mishahara, aanzie wapi? Wapo watakaotaja semina, na wapo watakaotaja fulana zenye nembo. Jibu langu ni kwamba aanzie kwenye kazi yenyewe, na asibadilishe chochote kabla hajaipima.

Kipimo kipo tangu 1975, kilipochapishwa na Richard Hackman na Greg Oldham. Ni dodoso ambalo mfanyakazi anaipa kazi yake alama 1 hadi 7 katika mambo matano. Inahitaji ujuzi wa aina mbalimbali? Anaifanya tangu mwanzo hadi mwisho, au anashika kipande tu? Ina maana kwa watu wengine? Ana uhuru wa kuamua aifanyeje? Na kazi yenyewe humwonyesha kama amepatia au amekosea, yaani inampa mrejesho? Matatu ya kwanza hutafutiwa wastani, kisha wastani huo huzidishwa kwa alama ya uhuru na kwa alama ya mrejesho. Alama ya juu kabisa ni 343.

Tuseme karani wa ankara amejaza hivi: ujuzi 4, ukamilifu wa kazi 5, umuhimu 6. Wastani ni 5. Uhuru kaupa 2, mrejesho 2. Ukizidisha unapata 20. Bosi akisikia kwamba kazi inachosha, anamwongezea majalada ya kupanga na simu za kupokea. Ujuzi unaruka hadi 7, wastani unakuwa 6, na jibu ni 24. Karani sasa anachoka maradufu kwa ajili ya pointi 4! Yaache majalada yalipokuwa, pandisha uhuru kutoka 2 hadi 4, na utapata 40. Mrejesho nao ukifika 4, ni 80.

Uhuru huo unaonekanaje mezani? Mteja amekuja na ankara yenye kosa. Katika utaratibu wa zamani karani anajaza fomu, fomu inakwenda kwa msimamizi, mteja anaambiwa arudi kesho kutwa. Katika utaratibu mpya, kosa lolote la hesabu lililo chini ya kiwango kilichowekwa kwa maandishi karani analisahihisha palepale na kutia sahihi yake. Na ankara zilizorudishwa na wateja anarudishiwa yeye aliyeziandika, wiki hiyohiyo, badala ya kurundikana kwa msimamizi hadi mwisho wa robo mwaka.

Mipango ya namna hii huharibikia hapa: karani anaambiwa "amua mwenyewe", lakini sahihi ya msimamizi bado inadaiwa chini ya fomu. Mara nyingi anayeing'ang'ania ni msimamizi mwenyewe, na ana sababu, maana kazi yake imepunguzwa na hakuna aliyemwambia afanye nini badala yake. Mpangieni na yeye: kesi ngumu, mafunzo kwa wapya, mazungumzo na wateja wakubwa.

Fomula hiyo ya kuzidisha isichukuliwe kama msahafu. Mwaka 1987 Yitzhak Fried na Gerald Ferris walipounganisha matokeo ya tafiti nyingi, kujumlisha tu alama hizo tano kulitabiri vizuri kuliko kuzidisha. Kwa hiyo tazama zaidi ni jambo lipi kati ya matano limelala, kisha uwaulize wenye kazi kwa nini. Hackman na Oldham wenyewe walikiri pia kwamba si kila mtu huitikia kwa kiwango kimoja: mwenye hamu ya kukua kikazi huitikia zaidi, na asiyeridhika na malipo au usalama wa ajira huitikia kidogo. Penye mishahara inayochelewa, dodoso lisubiri.

Upimaji nao una mitego yake. Fomu zisiwe na majina, na matokeo ya kikundi cha watu watatu au wanne yasitangazwe peke yake, kwa kuwa kila mtu atajua nani kasema nini. Maswali kuhusu kazi na maswali kuhusu kuridhika yakijibiwa siku moja, na mtu mmoja, kwenye karatasi moja, uhusiano kati yake hukuzwa na hali aliyoamka nayo siku hiyo. Tenganisheni kwa wiki mbili hivi, au mwombeni msimamizi naye aipime kazi ileile kisha mlinganishe. Anzeni na kitengo kimoja, kingine kisubiri bila mabadiliko ili kiwe cha kulinganishia. Mwezi wa kwanza kila kitu kipya hupendeza, kwa hiyo dodoso la pili ligawiwe baada ya miezi sita, likiambatana na hesabu ya utoro, walioacha kazi na ankara zilizorudishwa.