Kuhamisha domeini kwa msajili mwingine bila tovuti wala barua pepe kuzimika

SWALI: Habari za kazi. Tunauza vipuri vya matrekta na pampu za maji. Domeini yetu ya .com imebakiza siku 19 muda wake uishe. Msajili wa sasa amepandisha bei na tumepata mwingine nafuu. Tovuti iko kwenye seva ya kukodi kwa kampuni nyingine kabisa na barua pepe ziko Google Workspace, ila seva za majina ni za huyu msajili tunayemuacha. Domeini yenyewe imeandikishwa kwa anwani ya info@ ya domeini hiyo hiyo. Oda zetu nyingi huja kwa barua pepe, kwa hiyo hata nusu siku bila kupokea ni hasara. Tuhamishe sasa au tulipie kwanza? Na tuanze na nini?

JIBU: Ndugu msomaji, katika maelezo yako yote kitu cha hatari ni kimoja, nacho umekitaja kama jambo la pembeni: seva za majina ni za msajili mnayemuacha.

Kuhamisha usajili, kwa peke yake, hakuzimi chochote. Rejista kuu ya .com, inayoendeshwa na Verisign, inaandika vitu viwili tofauti kuhusu domeini yenu: nani msajili wake, na seva zipi za majina zinazojibu kwa niaba yake. Uhamisho unabadilisha cha kwanza tu. Cha pili kinabaki kama kilivyokuwa. Balaa huja pale msajili wa zamani anapoona domeini imeondoka, akafuta rekodi zake kwenye seva zake, kwa sababu huduma hiyo aliwapa bure kama mteja wake. Rejista kuu inaendelea kuwaelekeza watu kwenye seva ambazo hazina tena jibu. Tovuti inapotea na barua pepe zinaanza kugonga mwamba, ilhali uhamisho wenyewe umekamilika salama.

Kwa hiyo hizi ni kazi mbili, na DNS (rekodi zinazoelekeza jina lenu kwenye tovuti na barua pepe) inatangulia. Usajili unafuata DNS ikishatulia.

Rekodi ziende wapi? Kama msajili mpya anakuruhusu kutengeneza rekodi kabla domeini haijafika kwake, sawa. Wengi hawaruhusu. Ningechagua mtoa huduma wa DNS asiye msajili wenu wa sasa wala wa kesho, wako hata wa bure walio imara. Mkishajitenga hivyo, siku nyingine mkibadilisha msajili hamtagusa DNS kabisa.

Sasa kunakili rekodi. Hapa ndipo muda wako uende, maana karibu kila hitilafu huzaliwa hapa. Ingia kwenye akaunti ya msajili wa sasa, pakua faili la rekodi zote kama kuna sehemu ya kulipakua, la sivyo piga picha za skrini, kila ukurasa. Usitegemee zana za mtandaoni zinazodai kutafuta rekodi zako zote. Kutoka nje huwezi kuorodhesha majina yaliyomo, unaweza kuuliza yale tu unayoyajua au kuyakisia. Rekodi ya DKIM (saini inayothibitisha kuwa barua imetoka kwenu) ni mfano mzuri: kwa Google kwa kawaida hukaa kwenye google._domainkey, na asiyejua jina hilo hataiona kamwe. Ikisahaulika barua zitaendelea kutoka, lakini zitaanza kuangukia kwenye taka za wateja, nanyi mtagundua baada ya wiki mbili mkijiuliza mbona hawajibu.

Hakikisha umebeba A na AAAA (anwani za seva ya tovuti) za domeini tupu na za www, MX (seva za kupokea barua), TXT (rekodi ya maandishi) ya SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu, DKIM, DMARC iliyo kwenye _dmarc (maagizo kuhusu barua zisizopita ukaguzi huo), TXT za uthibitisho wa Google, CAA (nani anaruhusiwa kutoa cheti cha tovuti) kama ipo, na kila jina dogo mlilowahi kutengeneza: la mfumo wa stoo, la VPN, la kamera. MX ya Google inaweza kuwa moja ya smtp.google.com au zile tano za zamani zenye neno aspmx. Zote zinafanya kazi, nakili mlizo nazo na usiboreshe kitu leo. SPF iwe moja tu. Zikiwa mbili, seva za wapokeaji huhesabu kuwa kuna kosa na kupuuza zote.

Makosa mawili ya kuchapa hurudiarudia. La kwanza ni nukta ya mwisho: baadhi ya mifumo ukiandika smtp.google.com bila nukta mwishoni hukuongezea domeini yako, ikawa smtp.google.com.jinalako.com, jina lisilokuwepo. La pili ni DKIM ya biti 2048, ambayo inazidi herufi 255 na hivyo hugawanywa vipande. Ukinakili kutoka kwenye faili, alama za nukuu na nafasi kati ya vipande vinaweza kuingia ndani ya ufunguo na kuuharibu.

Halafu kuna vitu vinavyoonekana kama rekodi kumbe ni huduma. Kama msajili wa sasa anaelekeza jinalako.com kwenda www, au anapeleka mbele barua za anwani fulani, kazi hiyo inafanywa na seva zake, na hakuna rekodi ya kunakili. Tengenezeni mbadala kwanza.

Mkimaliza, kabla ya kubadilisha chochote, tumia dig (amri ya kuuliza DNS) kuuliza seva za zamani na mpya maswali yale yale, na ulinganishe:

dig @seva-ya-zamani jinalako.com MX +short
dig @seva-mpya jinalako.com MX +short

Fanya hivyo kwa kila rekodi, DKIM ikiwemo. Majibu yasipofanana usisonge mbele.

Angalia pia DNSSEC (saini za kidijitali zinazolinda majibu ya DNS) kwa dig jinalako.com DS +short; DS ni rekodi ya saini hizo iliyo kwenye rejista kuu. Ikirudi tupu, ruka aya hii. Ikirudi na namba, domeini imetiwa saini, na ukihamia kwenye seva mpya huku DS ya zamani ingali kwenye rejista kuu, saini hazitalingana. Dalili yake inachanganya: wanaotumia seva zinazohakiki saini, kama 8.8.8.8 na 1.1.1.1, hawafungui kitu, wengine wanafungua kama kawaida, na ofisini mnabishana nani mwenye intaneti mbovu. Dawa ni kuiondoa DS kwa msajili wa sasa, kusubiri zaidi ya saa 24 kwa sababu DS ya .com huhifadhiwa hadi sekunde 86400, ndipo mbadilishe seva za majina. Saini mpya mtaiweka kwa msajili mpya baada ya kila kitu kutulia.

Sasa badilisha seva za majina, ukiwa bado kwa msajili wa zamani. Fanya asubuhi ya siku ya kazi. Ijumaa jioni ukikosea hutampata mtu wa kukusaidia hadi Jumatatu. Hakikisha rejista kuu imepokea:

dig @a.gtld-servers.net jinalako.com NS +norecurse

Mara nyingi huonekana ndani ya dakika chache. Lakini rejista ya .com huwaambia wanaouliza kwamba jibu hilo ni halali kwa sekunde 172800, yaani saa 48, na muda huo huwezi kuupunguza. Kwa siku mbili baadhi ya watu watauliza seva za zamani, wengine mpya. Kwa kuwa rekodi ni zile zile pande zote, hakuna atakayeona tofauti. Utashauriwa ushushe TTL (sekunde ambazo jibu la rekodi huhifadhiwa) hadi 300 kabla ya zoezi. Si vibaya, inasaidia kama mtagundua kosa na kutaka lirekebishike haraka, ila kinga yenu halisi ni huko kufanana. Usifute za zamani. Ziache rekodi kwenye seva za zamani siku 3 kamili, na ikibidi kubadilisha rekodi katikati, badilisha pande zote mbili.

Wakati huo tazama kitu ambacho hakitalia leo: cheti cha tovuti. Kama seva yenu inapata cheti cha Let's Encrypt kwa kuandika rekodi ya TXT kupitia akaunti ya msajili wa zamani, njia hiyo imekatika tayari. Cheti kilichopo kitaendelea hadi kiishe, ndipo wateja waanze kuona onyo. Badilisha mpangilio huo wiki hii hii.

DNS ikishatulia, usajili wenyewe ni kazi nyepesi. Fungua kufuli kwa msajili wa sasa, yaani hali inayoandikwa clientTransferProhibited iondoke, na uwe na msimbo wa uhamisho uliouomba mapema. Kwa sera ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, ana siku 5 za kalenda kukupa. Uubandike kwa msajili mpya bila nafasi mwanzoni wala mwishoni, ulipe, kisha msajili wa zamani ana siku 5 nyingine za kukubali au kukataa. Akinyamaza, uhamisho unapita wenyewe. Wengi hutuma barua yenye kiungo cha kukubali mara moja. Ukikibofya mnaweza kumaliza siku hiyo hiyo. Katika fomu ya msajili mpya angalia sehemu inayouliza kama mnataka kutumia seva zake za majina. Chagueni kubaki na zilizopo. Kisanduku hicho kimoja kinaweza kufuta kazi yote ya juma zima.

Anwani ya info@ sasa. Najua unavyofikiri: iwe ya Gmail kwanza, ili barua za uhamisho zisikwame. Usiibadilishe. Kubadilisha jina la mmiliki, shirika au barua pepe yake huhesabiwa kuwa mabadiliko ya mmiliki, na kwa kawaida huleta kufuli la siku 60 la kutohama, isipokuwa msajili akuruhusu kulikataa kabla ya kuthibitisha mabadiliko. Kwa siku 19 mlizobakiza, kufuli hilo litawalazimu kulipia mwaka mwingine kwa msajili huyu. DNS ikiwa imetangulia, info@ itapokea barua muda wote. Ibadilisheni mkishafika kwa msajili mpya; hata hivyo siku 60 za kwanza baada ya kuhama kwa kawaida hamruhusiwi kuhama tena, kwa hiyo kufuli halitawapunguzia kitu. Lakini msiache kuibadilisha. Anwani ya mmiliki kukaa ndani ya domeini yake ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Je, mlipie kwanza? Piga hesabu. Siku ya 1 ombeni msimbo na mwanze kunakili rekodi. Siku ya 3 badilisheni seva za majina. Siku ya 6 anzisheni uhamisho. Siku ya 11 au 12, hata msajili akinyamaza, mmemaliza, na mnabakiwa na wiki ya akiba. Mkiwa na DS ya kuondoa ongezeni siku moja na nusu. Hivyo kwa siku 19 msilipie, mradi muanze wiki hii. Mkichelewa hadi zibaki chini ya 12, lipieni kwa msajili wa sasa hata kama bei inauma. Mwaka huo haupotei: uhamisho wa .com huongeza mwaka mmoja juu ya tarehe iliyopo, ilimradi jumla isizidi miaka 10.

Mwaka hupotea mkiacha muda uishe, domeini ikahuishwa yenyewe, halafu mkahama ndani ya siku 45 zinazofuata. Hapo ule mwaka wa kuhuishwa hufutwa kwenye rejista, mkabaki na mwaka mmoja wa uhamisho, na pesa mliyompa msajili wa zamani mtaanza kuidai. Tena wasajili wengi domeini ikiisha muda huielekeza kwenye ukurasa wao wa matangazo, na hapo barua pepe nazo zinakufa. Kwa hiyo msizime malipo ya kujirudia kwa msajili wa zamani hadi muone domeini imeshafika kwa mpya.

Ikishafika, uliza tena rejista kuu kwa amri ile ya NS uone seva za majina ni zile zile, rudisha kufuli, weka malipo ya kila mwaka. Kisha chungulia barua taka. Msajili mpya anaweza kuwatumia barua ya kuthibitisha anwani ya mmiliki, na isipothibitishwa ndani ya siku 15 anaweza kuisimamisha domeini kwa hali ya clientHold. Ukisikia domeini imekufa wiki mbili baada ya uhamisho uliokwenda vizuri, anza kuangalia hapo.

Kama mna pia .co.tz au .co.ke, msizichukulie kwa kanuni hizi. Sera ya uhamisho ya ICANN haizihusu domeini za nchi. Muda wa kusubiri, namna ya kuthibitisha na kama mwaka unaongezeka au la, vyote huamuliwa na rejista ya nchi husika, hivyo mwulizeni msajili wenu aandike kabla hamjalipa. Mpangilio wa DNS kwanza, usajili baadaye, unabaki ule ule.