Mume wangu ni Kelly: je, Kelly wote ni damu moja?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mume wangu ni Muayalandi na jina lao la ukoo ni Kelly. Baba mkwe ana ngao ukutani yenye mnyama wa ajabu ajabu, na kila tukienda anatuambia Kelly wote duniani ni damu moja, wametoka kwa wafalme wa Galway. Sasa binti yetu katema mate kwenye kichupa akatuma kupima DNA, majibu yamerudi: nusu ni upande wangu kama tulivyotegemea, na ile nusu ya baba yake imeandikwa Ayalandi nyingi na Uskoti kidogo. Hakuna sehemu imeandikwa Kelly wala Galway wala mfalme. Babu kanuna, binti anasema babu muongo. Nani mkweli hapa? – Mama wa akina Kelly

JIBU: Dada yangu, salamu kwa mzee kwanza, mwambie ana kipande cha ukweli ila amekivuta mno.

Kelly wa kitawala wapo kweli. Mashariki ya Galway na kusini mwa Roscommon kulikuwa na himaya inaitwa Uí Maine, na wenye pale walikuwa akina Ó Ceallaigh, yani wajukuu wa Ceallach, jina ambalo kwa Kiingereza likaja kuandikwa Kelly. Mkubwa wao Tadhg Mór aliuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014 akipigana upande wa Brian Boru, mfalme mkuu wa Ayalandi, na huyo mnyama wa ukutani ndo anatokea hapo: wanasimulia kwamba Tadhg alipoanguka alitoka mnyama baharini akasimama juu ya maiti kuilinda maadui wasiichezee mpaka ndugu zake walipokuja kuichukua. Hebu siku mkienda mwangalie vizuri, kichwa cha mbweha, kifua cha mbwa wa kuwindia, miguu ya mbele kama ya tai, kiwiliwili cha simba, huku nyuma na mkia ni mbwa mwitu. Mchoraji hakutaka kumkosea mtu yeyote naona.

Na walikuwa watu wa kutumia hao. Krismasi ya 1351 William Buí Ó Ceallaigh aliita washairi wa Ayalandi nzima kwenye ngome yake, wakaja washairi, wanasheria, wapiga vinubi, wachekeshaji na watu wengine wa kila aina, akawajengea nyumba za fito zilizopangwa kwa mistari kama mitaa, washairi mtaa wao, wapiga muziki mtaa wao. Kwa hiyo babu akijisifia ukarimu wa ukoo, hapo simbishii kabisa.

Ninapombishia ni hapo kwenye "wote". Ceallach lilikuwa jina la kawaida tu la mwanaume enzi hizo, sio la mtu mmoja, na Ayalandi ni kati ya nchi za mwanzo kabisa duniani kuwa na majina ya ukoo ya kurithi (la Ó Cléirigh limeandikwa tangu mwaka 916, huko huko pande za Galway), sasa fikiria kila mahali palipokuwa na mzee maarufu anaitwa Ceallach wajukuu zake wakajiita Ó Ceallaigh bila hata kujua kama kuna wengine upande wa pili wa nchi. Ndo maana kuna akina Kelly wa Meath, wa Laois, wa Wicklow, wa Derry, kila kundi na mzee wake, na ukivuka maji ukafika kisiwa cha Man unakuta Kelly wengine tena ambao wao chanzo chao ni Mac (mwana wa) sio Ó (mjukuu wa). Hesabu iliyopigwa kutokana na watoto waliozaliwa mwaka 1890 ilikadiria Ayalandi ina watu 62,600 wa jina Murphy na 55,900 wa jina Kelly, namba moja na namba mbili. Mzee mmoja wa Galway angezaa hao wote angekuwa na kazi sana.

Na hili wameshalipima, sio maneno yangu. Mwaka 2006 watafiti wa Trinity College Dublin walitoa matokeo ya wanaume 1,125 wenye majina 43 tofauti ya Kiayalandi, wakaangalia kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume kama jina lenyewe linavyokwenda. Wakakuta jina lina maana kweli: wanaume wawili wenye jina moja wana nafasi kama mara 30 zaidi ya kufanana hiyo Y kuliko wawili waliookotwa tu. Ila majina hayako sawa. O'Sullivan na Ryan kila moja lina mzee mmoja mkubwa anayeonekana, Kelly na Murphy wakakutwa na waanzilishi wengi, na watafiti wakasema huenda ndo sababu majina hayo yamejaa hivyo. Halafu kuna kitu ambacho wenye ngao ukutani hawapendi kusikia, hakuna jina hata moja kati ya hayo lililozidi kama nusu ya watu wake kutoka kwa mwanzilishi mmoja. Hata hao Ryan.

Usianze kuwaza mabaya lakini, watu wakisikia hivyo wanakimbilia uzinzi. Upo, sawa, ila kuna mtoto wa kulelewa anapewa jina la waliomlea, kuna anayebaki na jina la mama, kuna watu walioishi chini ya chifu wakachukua jina lake, na kuna makarani wa Kiingereza ambao wakisikia jina la Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, linalokaribiana na Kelly waliandika Kelly wakaendelea na kazi yao. Miaka mia nane ya hayo mambo, jina linabaki lile lile, damu inabadilika chini kwa chini.

Sasa tuje kwa binti, maana na yeye simuachi. Kusema babu muongo kwa sababu ya majibu yale ni kuuliza swali kwa mtu asiyehusika. Kwanza yeye ni mwanamke, hana kromosomu Y, kwa hiyo hiyo njia ya baba-kwa-baba ya Kelly haimo kabisa kwenye mate yake. Alichopima ni mchanganyiko wa DNA ya wazee wake wote, na ukirudi vizazi vitano nyuma ana wazee 32 na kati ya hao Kelly wa njia ya jina ni mmoja tu, yani kama asilimia 3 hivi, nayo imechanganyikana na zingine. Kipimo hicho hakiwezi kukutajia jina la ukoo. Na Uskoti msiishangae, kutoka Antrim, kaskazini mashariki ya Ayalandi, mpaka Uskoti pale bahari inapobana ni kama kilomita 20 tu, watu wamevuka kwenda na kurudi tangu zamani, na kuanzia 1609 wakaletwa Waskoti wengi kuhamia Ulster, jimbo la kaskazini, kwa hiyo kampuni kutenganisha hizo mbili kwa asilimia ni makadirio, kesho wakibadilisha programu yao asilimia nazo zinabadilika bila binti kutema mate tena.

Mnachotaka nyie ni kipimo cha Y, na anayetakiwa kupima ni mume wako au babu mwenyewe (anza na babu, ni mkubwa na ndo mwenye maneno). Ila majibu yakija R1b, jina la kundi moja kubwa la kromosomu Y, msipige vigelegele. Utafiti wa mwaka 2000 ulikuta wanaume wa Connacht (jimbo la magharibi lenye Galway na Roscommon) wenye majina ya Kigaeli asilimia 98.3 wako kwenye kundi hilo, na mifupa ya wanaume watatu waliozikwa kisiwa cha Rathlin kama miaka 4,000 iliyopita, ile iliyofukuliwa nyuma ya baa, nayo ni R1b hiyo hiyo. Miaka 4,000 iliyopita hapakuwa na Kelly wala Murphy. Inabidi kipimo kinachoshuka mpaka vitawi vidogo, halafu mlinganishe na wanaume Kelly ambao makaratasi yao yanafika Galway au Roscommon. Wakilingana kwa karibu, babu atundike ngao ya pili, ila hata hapo mtakuwa mmethibitisha ukoo wa Uí Maine, sio kwamba babu ni mjukuu wa Tadhg mwenyewe.

Na kabla ya kutoa hela ya kipimo ulizeni kitu kimoja cha bure: mzee wao wa mwisho aliyezaliwa Ayalandi alitoka kijiji gani? Sio "Galway", kijiji. Sensa za 1901 na 1911 ziko wazi mtandaoni bure, rejista za parokia za Wakatoliki pia, na kuna orodha ya wapangaji wa ardhi inaitwa Griffith ya 1847 mpaka 1864. Nyuma ya hapo inakuwa ngumu, ofisi ya kumbukumbu iliungua Dublin Juni 1922 na sensa nyingi za zamani zikaenda na moshi. Ndo maana kwa Kelly kijiji ni muhimu kuliko jina, jina linakupa watu elfu hamsini, kijiji kinakupa familia tatu.

SWALI: Mimi bosi wangu ni Doyle, anasema yeye ni Viking. Kweli? – Msomaji mdadisi

JIBU: Jina linaelekea huko, linatokana na Dubhghall, mgeni mweusi, walivyowaita baadhi ya Waviking, wale mabaharia wavamizi wa zamani kutoka Skandinavia, ila hilo likawa pia jina la kubatizia watoto wa Kigaeli kwa hiyo halithibitishi kitu. Mwaka 2006 watafiti walipima Y za wanaume wenye majina yanayodhaniwa ya Kinorse, yani ya Waviking, hawakuona cha maana kinachowatofautisha na Waayalandi wengine. Ajabu ni kwamba 2017 waliopima DNA nzima ya watu ambao mababu na mabibi wa wazazi wao wote wanane walizaliwa eneo moja, wakaona dalili za damu ya Norway Ayalandi. Kwa hiyo bosi anaweza kuwa na Viking ndani yake, tatizo ni kwamba hata karani wake anayeitwa Kelly anaweza kuwa naye.