Nimtafute wapi bibi aliyekopesha watu?

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi nasomesha skuli hapa Wete, Pemba. Bibi wa bibi yangu alikuwa mfanyabiashara. Nyumbani wanamwita Bi Mkubwa tu. Wanasema alianza kwa kuuza mikeka, akaja kununua karafuu na kukopesha watu, hata wanaume wenye mashamba wakimwendea. Nataka kumwandikia riwaya. Nimemtafuta kwenye intaneti na katika vitabu vya historia, sikupata hata mstari mmoja. Je, nibuni tu, au pana pahala pa kumtafuta?
Msomaji, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Usibuni bado.

Vitabuni utakutana na Tharia Topan, yule tajiri wa Kihindi, na ukishuka Mizingani, mjini Unguja, jengo lake unaliona kwa macho, lile la zahanati ya zamani lenye baraza za mbao zilizochongwa. Bibi yako hakuacha jengo. Lakini umesema alikopesha, na mtu anayekopesha huacha karatasi, kwa sababu anataka fedha zake zirudi. Nimefurahi sana kusoma neno hilo katika barua yako. Hiyo ndiyo njia yako ya kumfikia.

Siku hizo Muislamu hakuandika riba katika hati. Watu walitumia bei ya khiyari. Mwenye shamba aliyebanwa na haja "huuza" shamba lake kwa muda, tuseme mwaka mmoja au miwili, naye ana khiyari ya kulikomboa akirudisha fedha. Mara nyingi huendelea kukaa humo humo, akimlipa mnunuzi kodi. Muda ukipita bila kukomboa, shamba limekwenda. Kwa hivyo katika hati bibi yako hataitwa mkopeshaji. Ataitwa mnunuzi. Ukiona mwanamke mmoja ananunua mashamba matatu na hayo mashamba matatu yanarudi kwa wenyewe, jua umemkuta kazini.

Hati za namna hiyo, pamoja na wasia, wakfu na kesi za mirathi, zimo katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, huku Unguja. Wanawake wamo, mwanangu, tena kwa majina yao wenyewe, maana kwa sheria yetu mali ya mke haiwi ya mume. Anauza mwenyewe, ananunua mwenyewe, anashitaki mwenyewe.

Sasa shida ya jina. "Bi Mkubwa" ni heshima ya nyumbani, kadhi hakuliandika hilo. Kabla hujapanda boti, kaa na wazee wako upate jina lake, la baba yake, na la babu yake kama lipo. Usiwaulize "alikuwa mfanyabiashara?" Watakwambia ndiyo, alikuwa tajiri, mambo yataishia hapo. Waulize nani aligombana na nani alipokufa. Waulize shamba gani lilitoka mikononi mwao na kwa nini. Waulize kazikwa wapi, na nani kapewa bangili zake. Mzee aliyesahau mwaka hasahau ugomvi wa mirathi.

Nakusisitizia jina la babu kwa sababu mimi lilinigharimu. Nilipokuwa nikimwandikia riwaya muuza leso mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, nilinakili hati za miezi minane nikiamini ni za mtu mmoja. Jina lake moja, la baba moja. Nikamjengea maisha mazima, ndoa, nyumba mbili, deni. Siku moja nikapanga tarehe sawasawa, nikaona amenunua nyumba miaka minne baada ya mirathi yake kugawanywa. Walikuwa wanawake wawili. Nililia, si kwa kazi iliyopotea, bali kwa sababu nilikuwa nimemmeza mmoja ndani ya mwenzake.

Tarehe basi. Nyingi ni za hijria, ukiona 1315 hiyo imeanzia katikati ya 1897. Fedha nazo zitazame: reale za Maria Theresa, kisha rupia, na rupia ilikwisha 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Mhusika wako asihesabu shilingi mwaka 1900. Na kusoma Kurani hakutoshi kwa hati hizi. Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu bila irabu, na karani mwenye haraka huacha hata nukta. Tafuta mtu aliyezoea mikono hiyo ukae naye ubavuni.

Kubuni kuna pahala pake. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na Pemba ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Hilo usilichezee. Lakini hakuna hati itakayokwambia bibi yako alijuaje nani ana shida ya fedha. Hapo kalamu ni yako. Mimi ningemkalisha usiku kwenye jamvi na wanawake wanaochambua, karafuu huku, makonyo kule, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Mume wa fulani anauguliwa. Fulani anaoza binti na msimu bado mbali. Ningemfanya asikilize zaidi kuliko anavyosema. Asubuhi karafuu zimeanikwa, wingu linapanda, watu wanakimbilia kuanua, naye anajua tayari nani atakuja kumgongea mlango jioni. Wewe umekulia katika harufu hiyo, utaliandika hilo vizuri kuliko mimi wa mjini.

Lipo jingine, na hukuniuliza. Aliyekuwa na mali Pemba kabla ya 1897 huenda alikuwa na watumwa, na mwanamke hakuwa nje ya hilo. Amri ya kufuta utumwa ya mwaka ule haikuwaacha watu huru siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba, na bwana au bibi yake akapewa fidia. Masuria hawakuingizwa hadi 1909. Nakuomba uyapekue maandishi ya fidia mapema, kabla hujampenda bibi yako kupita kiasi. Nyumbani huenda hawatafurahi. Najua uzito wake, nami nimekaa na wazee wangu kimya kimya kwa jambo hilo hilo. Lakini mikeka ya mwanzo aliisuka nani? Karafuu alizonunua alichuma nani? Riwaya isiyoyauliza hayo itakuwa imempamba, na yeye mwenyewe, mwanamke aliyehesabu kila pishi, asingejitambua humo.

Basi nunua daftari moja nene. Anza kwa wazee, wiki hii, maana wao hawangoji. Kisha njoo Kilimani. Na ukimkuta mtu aliyekwenda kuomba uhuru wake kutoka kwa Bi Mkubwa, liandike jina lake katika daftari hilo hilo, ukurasa ule ule wa bibi yako, pamoja na kijiji alichosema anatoka.