Mfereji wa mita 4 ulivyogeuka mlango wa mto

SWALI: Mhariri, naomba kueleweshwa. Mfereji uliochimbwa Saint-Louis, Senegal, ulipanukaje kiasi kile?

JIBU: Mawimbi yanayopiga ufuo kimshazari husukuma mchanga kuelekea kusini. Ndiyo yaliyojenga ulimi mwembamba wa mchanga kati ya mto na bahari, uitwao Langue de Barbarie, na kuusogeza mlango wa mto Senegal mbali na mji. Oktoba 2003, ili kupunguza mafuriko, ulimi ukakatwa kwa mfereji wa upana wa mita 4 tu. Maji ya mto yalikuwa juu kuliko bahari, yakashuka kwa kasi yakila kingo za mchanga mtupu, zisizo na mawe. Siku chache tu, upana ukapita mita 200. Baadaye maji kujaa na kupwa yakazidi kuukomba, na mlango wa zamani, uliokosa mkondo, ukazibwa na mchanga. Inauma: kijiji cha Doun Baba Dièye kimemezwa na bahari.